Kuuguza Wanyama wa Porini ni Kazi ya Watoto wa Wakulima



Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotoka, mazungumzo ya nyumbani kwetu ni yale yale. Mtoto huulizwa atafanya kazi gani, na majibu twayajua tangu zamani: ualimu, udaktari, ukarani, polisi, udereva. Lakini siku hizi hutokea kijana, msichana au mvulana, akajibu hivi: "Nataka kuuguza wanyama wa porini, kulea yatima wao na kuwarudisha mwituni." Hapo baba hucheka, na mama huuliza kama mtoto ana homa. Jirani ambaye mahindi yake yalikanyagwa na ndovu juzi huondoka bila kuaga.

Mimi naona tusicheke upesi. Kazi hii ipo, ina mafunzo yake na sheria yake, na hapa Meru ilianza kufanywa zaidi ya miaka 60 iliyopita. Tena nasema jambo ambalo pengine wengine hawatalikubali: anayefaa kuianza kuliko watu wote ni mtoto wa mkulima, hasa mkulima wa skimu ambaye shamba lake limepakana na wanyama. Nitaeleza sababu zangu, halafu nitaonyesha njia ya kuanza, na mwisho nitataja yasiyopendeza, maana kazi yenye kusifiwa tu ni kazi isiyojulikana.

KAZI HII NI NINI

Watu wengine hudhani ni kufuga wanyama wa mwitu nyumbani kama mbwa. Sivyo kabisa. Kazi ni kumpokea mnyama aliyeumia au aliyefiwa na mama yake, kumtibu, kumlisha, kumfunza maisha ya porini, na kumwachia aende zake. Mnyama akipona lakini akabaki mlangoni pako akingoja chupa ya maziwa, kazi haijakwisha. Akienda na asirudi tena, ukaonekana unyayo wake tu kando ya mto, hapo umefaulu.

Wanaoletwa kuuguzwa ni wengi. Yuko ndama wa ndovu aliyetumbukia kisimani. Yuko nyati au pundamilia mwenye waya wa mtego shingoni, na kuhusu waya tuseme kweli, huwekwa na watu wa vijijini, wala hautoki mbinguni. Wako mbega waliounguzwa na nyaya za umeme, na mwewe waliogongwa na magari. Wako bundi waliokula panya waliokwisha kula sumu. Yafaa tuwafikirie bundi hawa, maana wazee wetu waliwaogopa kama ndege wa mkosi, kumbe bundi husaidia kulinda mahindi ya ghalani. Mkulima atupaye sumu ya panya ovyo huenda akamwua askari wake wa usiku.

YALIYOTOKEA MERU

Habari ya Elsa yajulikana dunia nzima, lakini ni vizuri tuisome upya kwa macho ya mkulima.

Mwaka 1956 Bwana George Adamson, aliyekuwa Bwana Nyama wa sehemu za kaskazini akikaa Isiolo, alimpiga risasi simba jike aliyewashambulia. Baadaye akaona kuwa simba yule alikuwa na watoto watatu wadogo sana. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Wa tatu, Elsa, akabaki akalelewa na Bibi Joy Adamson. Wengi wanalijua jina la Bibi huyo kwa kitabu alichokitoa mwaka 1960. Wachache wanalijua jina la Nuru, aliyewachunga watoto wale wa simba siku baada ya siku, au la Makedde, askari wa wanyama aliyefuatana na akina Adamson porini. Kazi ya mikono tangu mwanzo ilikuwa ya watu wa nchi hii.

Elsa alifunzwa kuwinda, akaachiwa katika pori la Meru, akapata dume wa mwitu, na mwishoni mwa mwaka 1959 akazaa watoto watatu. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini Januari 1961 akafa, wala hakufa kwa risasi au kwa njaa. Aliuawa na ugonjwa uletwao na kupe, ulio jamaa moja na ule wa mkojo mwekundu wa ng'ombe wetu. Kaburi lake liko ndani ya Mbuga ya Taifa ya Meru, karibu na Mto Ura. Kila mkulima anayepulizia ng'ombe wake dawa ya kupe anaelewa kifo hicho bila kuelezwa sana.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo haisimuliwi mara nyingi. Watoto wa Elsa waliachwa kabla hawajajua kuwinda vizuri, na watu hawakuwaogopa kama simba wengine wanavyowaogopa. Wakaanza kuua mbuzi wa watu waliokaa karibu na mto. Wenye mbuzi wakalalamika, na walikuwa na haki. Ikaamriwa simba wale waondolewe, na mwaka ule ule wa 1961 wakanaswa na kupelekwa Serengeti, huko Tanganyika.

Halafu yuko simba aliyeitwa Boy. Huyu alizoea watu tangu utoto na alitumiwa katika kutengeneza filamu ya habari za Elsa. Bwana Adamson akamleta Meru mwaka 1965 ili amrudishe porini. Mwaka 1969 simba huyo alimjeruhi mtoto mdogo wa mkuu wa mbuga. Mwaka 1971, wakiwa wamehamia Kora, ng'ambo ya Mto Tana, alimwua mfanyakazi mmoja wa kambi. Bwana Adamson akalazimika kumpiga risasi mnyama aliyemlea mwenyewe.

Siyasemi haya kuwadharau watu wale. Walianza kazi ambayo hakuna aliyekuwa ameiandikia kitabu. Lakini wazee walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na msemo huo ni kweli kwa simba kama ulivyo kweli kwa binadamu. Mnyama wa mwitu aliyepoteza hofu ya mtu si wa porini wala si wa nyumbani, na hasara yake humwangukia yule aliye karibu: mwenye mbuzi, mwenye shamba, na mfanyakazi wa kambi.

"WANAKULA MAHINDI YETU"

Hapa najua swali litakalotoka katika mkutano wowote wa skimu, iwe Makima kwenye mpaka wa Hifadhi ya Mwea, iwe Timau au Ontulili chini ya Mlima Kenya, iwe upande wa Murera kwenye lango la Mbuga ya Meru. Mtu atasimama aseme: "Sisi twalala mashambani na tochi na madebe tukifukuza ndovu. Sheria ya mwaka 2013 ilisema jamaa ya mtu aliyeuawa na mnyama ilipwe shilingi milioni 5, lakini malipo huchelewa hata watu wakachoka kungoja. Na wewe wataka mtoto wangu aende kuwanyonyesha?"

Swali hili ni la haki, wala halijibiwi kwa kusema kwamba wanyama ni uzuri wa nchi na huleta watalii. Jibu langu ni jingine. Wanyama yatima na majeruhi wataendelea kupatikana, tupende tusipende, na watu wataendelea kuwauguza. Jambo la kuamua ni moja tu: nani atawauguza, na kwa akili gani? Akiwauguza mtu asiyewahi kupoteza debe moja la mahindi, huenda akamwonea mnyama huruma hata akasahau jirani wa mnyama huyo. Mtoto wa mkulima hawezi kusahau. Yeye ndiye atakayesema katika kambi: "Huyu asiachiwe hapa, kuna vijiji karibu." Ndiye atakayekataa mgeni asimpapase nyani kichwani ili apigwe picha, maana anajua nyani aliyezoea mkono wa mtu atakwenda kuutafuta mkono huo jikoni kwa mama yake.

Kwa hiyo mkulima aliyeumizwa na wanyama ana sababu kubwa ya kumpeleka mtoto wake katika kazi hii. Anapeleka mlinzi wake ndani ya nyumba ambamo mambo huamuliwa.

NUSU YA KAZI WAIJUA TAYARI

Sababu ya pili ni ustadi. Mtoto aliyekulia penye ng'ombe wa gredi ameanza mafunzo bila kujua. Anajua kuwa ndama asiyepata dang'a ya mama yake katika saa za kwanza ni ndama dhaifu. Anajua kuosha ndoo kwa maji moto, na kwamba maziwa ya baridi au ya kupita kiasi huleta kuhara. Anasoma ugonjwa katika masikio, manyoya, pua na mavi kabla daktari hajafika. Ameshika kamba usiku ng'ombe akizaa. Mtoto wa mjini mwenye vyeti vizuri hana budi kufundishwa hayo yote kutoka mwanzo.

Lakini asijivune, maana nusu ya pili ni ngeni kabisa. Maziwa ya ng'ombe yanayomnenepesha ndama wetu humdhuru ndama wa ndovu, kwa sababu tumbo lake halistahimili mafuta yake. Bibi Daphne Sheldrick alihangaika miaka mingi huko Tsavo na Nairobi, ndama wakimfia mikononi, mpaka alipopata mchanganyiko uliowafaa, wa maziwa ya watoto wachanga pamoja na mafuta ya nazi. Ndama wa ndovu hulishwa kila baada ya saa chache, mchana na usiku, na mlezi hulala naye chumba kimoja ili asife kwa upweke. Walezi hubadilishana zamu, maana ndama akimzoea mtu mmoja tu, siku mtu huyo akienda likizo huenda ndama akakataa kula. Baadaye yatima hupelekwa Tsavo, wakatembezwa na walezi wao porini, mpaka polepole wajiunge na ndovu wa mwitu. Jambo hilo huchukua miaka mingi, si miezi.

Tofauti kubwa ni hii. Ndama wa nyumbani twamlea ili atuzoee. Mtoto wa porini hulelewa ili atusahau. Kumpenda mnyama na kumfunza akuache ni jambo gumu, na si kila mtu aliweza.

Lakini limewezekana. Mwaka 1983 Bibi Anna Merz, akisaidiwa na jamaa ya Craig, alianzisha hifadhi ya vifaru katika shamba la Lewa, ambalo leo limo katika Kaunti ya Meru. Alimlea kwa chupa kifaru jike aliyeachwa na mama yake, akamwita Samia. Samia alikua, akaenda porini na akazaa mtoto wake mwenyewe. Huko Samburu, jirani zetu wa kaskazini, tangu mwaka 2016 kuna boma la yatima wa ndovu liitwalo Reteti, linaloendeshwa na wenyeji wenyewe, wanaume kwa wanawake. Jambo la kupendeza mkulima ni kwamba huko ndama hulishwa maziwa ya mbuzi, na mbuzi hao ni wa akina mama wa vijiji vya karibu, ambao huyauza maziwa hayo na kupata fedha zao. Sisi Wameru na Waembu tunaojua sana kufuga mbuzi wa maziwa yafaa tufikiri juu ya jambo hilo.

Na kazi inasogea mlangoni petu. Mwezi wa Februari 2025 bongo 17 waliletwa kutoka Florida, Marekani, wakapelekwa kwenye misitu ya Meru. Bongo ni yule mnyama mwekundu mwenye milia myeupe aliyeishi misitu ya Mlima Kenya na Aberdare tangu zamani, na sasa porini amebaki kidogo sana. Hawa walizaliwa ugenini. Lazima wazoee majani ya hapa, baridi ya hapa na kupe wa hapa, na lazima wawe na watu wa kuwatazama kila siku. Naona ingekuwa aibu watu hao watoke mbali huku vijana wa Meru wakikaa vibarazani bila kazi.

NJIA YA KUANZA

Kijana anayetaka kazi hii na afuate mambo haya.

Kwanza, asome. Biolojia, kemia na hesabu ndizo ufunguo. Somo la kilimo nalo lina faida. Asiyependa daftari asiende huko, kwa sababu kila chupa ya maziwa, kila kipimo cha uzani na kila dawa huandikwa.

Pili, aingie katika chama cha shule. Vyama vya wanyamapori vya shule vilianza Kenya mwaka 1968, na vyama vya 4-K vyajulikana na wakulima wote. Shule isiyo na chama inaweza kukianzisha, na wazazi wamhimize mwalimu mkuu.

Tatu, achague mlango. Iko milango minne mikubwa.

(a) Mlango wa afya ya mifugo. Kuna vyuo vya serikali vinavyofundisha afya ya wanyama, kama Kabete, na Ndomba katika Kaunti ya Kirinyaga, ambako si mbali na Embu. Mtu akimaliza hana budi kuandikishwa na bodi ya madaktari wa mifugo kabla ya kufanya kazi. Mlango huu nausifu sana, kwani aliyepita hapo akikosa kazi ya wanyama wa porini hatalala njaa. Ng'ombe wa skimu watamhitaji siku zote.

(b) Mlango wa udaktari wa wanyama. Huu ni wa Chuo Kikuu, kama kile cha Nairobi huko Kabete, na ni masomo ya miaka mingi. Daktari ndiye mwenye ruhusa ya kumlaza nyati kwa mshale wa dawa na kumkata waya. Kwa upande wa Meru na wa Mlima Kenya, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, limekuwa na magari ya madaktari yanayozunguka porini, yakisaidiwa na mfuko wa Sheldrick.

(c) Mlango wa chuo cha wanyamapori cha Naivasha. Huko hufundishwa mambo ya mbuga, ya utunzaji wa wanyama na ya kuishi na jamii za mipakani.

(d) Mlango wa ulezi. Huu hautaki vyeti vikubwa. Wataka mtu mwaminifu, msafi, mvumilivu, asiyelewa, na anayeweza kukaa na mnyama saa 12 bila kukasirika. Walezi wengi hodari wa nchi hii walianza kwa kufagia boma na kubeba majani.

Nne, aombe kazi au nafasi ya kujifunza mahali panapojulikana. Kuna boma la yatima la KWS Nairobi, ambalo lilianza miaka ya 1960, na kile kitalu cha ndovu cha Sheldrick kilicho ndani ya Mbuga ya Nairobi. Kuna nyumba ya yatima ya Mlima Kenya huko Nanyuki, kuna wauguzi wa mwewe, tai na bundi Naivasha, na wauguzi wa mbega Diani, pwani. Aandike barua safi, aeleze mifugo aliyoitunza, na chifu au mwalimu atie sahihi. Na ajihadhari na mtu yeyote anayemwambia atoe fedha kwanza ili aandikwe kazi. Huyo ni mwizi.

YASIYOPENDEZA

Sasa tuseme upande wa pili. Nafasi ni chache kuliko waombaji. Mshahara wa mlezi si mkubwa, na mara nyingi kambi iko mbali na nyumbani. Usingizi ni wa vipande vipande. Wanyama wengi hufa hata wakihudumiwa vizuri, na mlezi hana budi kuchimba kaburi asubuhi na kushika chupa nyingine mchana. Wanyama huuma, hupiga teke, na huambukiza watu magonjwa kama kichaa cha mbwa na kimeta. Kijana asiyejali kuchanjwa na kunawa mikono ni hatari kwake na kwa jamaa yake.

Tena yafaa ajue kwamba baadhi ya wanyama hawatapona vya kutosha kurudi porini. Ndege aliyekatika bawa hawindi tena. Daktari akiamua kwamba mnyama huyo apumzishwe, mlezi atalia, lakini atakubali. Kumweka kiumbe katika mateso ili mtu ajisikie ana huruma si huruma.

JAMBO LA KWANZA NI KUTOGUSA

Kuna somo moja ambalo kila jamaa ya skimu yaweza kulianza leo, bila chuo na bila nauli. Watoto wetu wanapochunga mbuzi huona mtoto wa paa au wa digidigi amelala peke yake majanini. Humwokota wakimhurumia, wakamleta nyumbani. Mara nyingi mtoto yule hakuwa yatima hata kidogo. Mama yake alimficha, akaenda kula, naye angerudi kumnyonyesha. Mtoto wa mtu, kwa wema wake, amemfanya yatima.

Kwa hiyo wafundisheni hivi. Ukimwona mtoto wa mnyama amelala kimya, asiye na jeraha, mwache, ondoka mbali, na wafunge mbwa. Ukiona ameumia, au mama yake amelala amekufa kando, usimpe maziwa ya ng'ombe, usimfunge kamba shingoni, usimzungushe kijijini aonyeshwe watu. Mweke mahali pa giza na pa kimya kama ni mdogo, na peleka habari upesi kwa afisa wa KWS au kwa chifu. Kama ni mtoto wa ndovu, nyati au simba, usimkaribie kabisa, maana mama yake huenda yu karibu, naye hatauliza nia yako. Na fahamu kuwa kumfuga mnyama wa porini bila kibali ni kosa kwa sheria ya mwaka 2013. Huruma haimkingi mtu mahakamani.

Mtoto anayeweza kumwacha digidigi majanini, ingawa moyo wake wataka kumbeba, huyo ameonyesha dalili ya kufaa kazi hii. Yule anayetaka kumbeba tu ili awe wake, tumpe sungura wa kufuga.

OMBI LANGU

Nina ombi kwa pande mbili.

Kwa wenye kuajiri, yaani KWS, kaunti na hifadhi zote zilizo mipakani mwetu: nafasi ya kulea na kuuguza wanyama inapotokea, waanzeni watoto wa vijiji vya mpakani. Sisi ndio tunaobeba hasara ya wanyama hao usiku. Ni haki tubebe pia mshahara wao mchana. Tena si haki tu, bali ni busara, maana kijiji chenye mtoto wake kambini hakitaficha mitego ya waya.

Kwa wazazi: mtoto akikwambia anataka kuuguza wanyama wa porini, usicheke. Mkabidhi ndama mmoja wa nyumbani tangu siku anapozaliwa hadi anapoachishwa maziwa. Mwambie aandike katika daftari kila alichompa na kila alichokiona. Atazameye ndama kwa miezi mitatu bila kuchoka, mvua na jua, bila kukumbushwa, mtafutie karo. Akichoka katika wiki ya pili, basi umejua mapema, na ndama wako umempata vilevile.